Acha Kuvizia Rangi, Chora Mistari Miwili

Msimu wa korosho uliopita hapa Mtwara, mwanafunzi wangu wa kidato cha sita aliniletea juisi ya mabibo kwenye chupa ya maji. Alitaka kujua ina asidi kiasi gani. Tukatia fenolifthalini, kiashiria kinachogeuka waridi asidi ikiisha, lakini juisi ni ya manjano tena ina ukungu. Ile waridi hafifu hakuna aliyeiona kwa uhakika. Ndipo nikatoa kipimo cha upitishaji umeme.

Mwalimu mwenzangu, anza na asidi kali kwanza. Mimina mL 50 za asidi ya haidrokloriki usiyoijua ukolezi, kisha ongeza sodiamu haidroksaidi ya 0.10 M (moli kwa lita) kutoka kwenye byureti, ule mrija wenye alama za ujazo. Ayoni za haidrojeni hupitisha umeme karibu mara saba ya zile za sodiamu zinazochukua nafasi yake, kwa hiyo namba zinashuka. Asidi ikiisha, haidroksaidi inayozidi inazipandisha tena. Kwangu zilianza karibu milisiemensi 4.7 kwa sentimita, zikashuka hadi kama 1.2.

Sisi tuliozoea rangi tunapenda kuvizia tone kwa tone ile kona ambapo namba zinaacha kushuka na kuanza kupanda. Hapana haja. Chukua vipimo vitano wakati wa kushuka, vitano wakati wa kupanda, viweke kwenye grafu dhidi ya ujazo ulioongeza, weka rula, vuta mistari hadi ikatane. Yangu ilikatana kwenye mL 5.4: zidisha kwa 0.10, gawanya kwa 50, unapata 0.0108 M. Kabla ya kuchora, zidisha kila kipimo kwa (50+v)/50, v ikiwa ujazo ulioongeza, maana maji ya byureti nayo yanazimua.

Joto ndilo lililoniumiza. Nilianza asubuhi, nikaenda kula, nikamalizia saa nane mchana bika likiwa dirishani. Upitishaji hupanda kama asilimia 2 kwa kila nyuzi moja. Mstari wangu ukaruka katikati, nikarudia kazi yote. Maliza kwa mkao mmoja. Na usisuuze elektrodi kwa maji ya kisima, hasa ukiwa karibu na bahari. Tumia yaliyokenekwa.

Juisi ya mabibo ina asidi dhaifu, usitegemee grafu yenye umbo la herufi V kama ile ya asidi kali. Namba hupanda taratibu chumvi ikiendelea kutengenezwa, halafu zinapanda kwa kasi, na jibu liko pale mstari unapopinda. Kijana alisogeza rula mara mbili, akatia nukta kwa penseli. "Mwalimu, ni hapa. Mililita saba nukta mbili."