Gari Inazima Ikipata Moto: Ni Kompyuta Kweli?

SWALI: Assalamu aleikum fundi. Mimi niko hapa Malindi, napiga teksi ya Watamu na Gede na siku zingine napeleka watu hadi Mombasa. Gari yangu ni Toyota 110, injini ya 5A, oto. Asubuhi iko sawa kabisa lakini ikifika saa saba hivi na jua limekolea inajizimia tu njiani, nikingoja kama nusu saa inawaka kana kwamba hakuna kitu. Fundi mmoja kaangalia akasema kompyuta imekufa niagize nyingine Mombasa, na bei aliyonitajia wallahi nimekosa usingizi. Ni kompyuta kweli? Na nikinunua, yoyote ya 110 itaingia?
Dereva, Malindi

JIBU: Waaleikumsalam mwanangu. Kwanza usitume pesa Mombasa, ngoja kidogo. Sisemi fundi wako kakosea, hiyo gari ina umri wake na kompyuta (boksi la umeme linaloongoza injini) za umri huo zinakufa kweli, lakini gari inayozima ikipata moto halafu ikipoa inawaka ina washukiwa wengi na kompyuta si wa kwanza. Koili na moduli ya kuwashia, zile zinazotengeneza cheche, ambazo kwa injini nyingi za wakati ule zimefichwa ndani ya distribyuta (kile kinachogawa cheche kwa plagi), zinafanya mchezo huohuo. Rilei (swichi ya umeme) ya EFI, yaani mfumo wa kupuliza petroli kwenye injini, ambayo lehemu yake imepasuka, hivohivo. Pampu ya petroli iliyochoka, hivohivo. Ila fundi akishakwama anasema kompyuta, kwa sababu anajua hakuna mtu ataifungua aone.

Sasa ikizima tena, usiende kukaa kivulini ungoje ipoe, hapo ndo wakati wenyewe wa kupima. Fungua swichi bila kupiga staata uangalie taa ya cheki injini. Isipowaka kabisa, huenda kompyuta haipati umeme au imekufa, anza na fyuzi ya EFI na rilei yake kabla hujasema neno lingine. Ikiwaka, chukua plagi ya ziada, ichomeke kwenye waya wa plagi, iegeshe kwenye chuma cha injini na mtu apige staata (weka mikono mbali, na petroli pia mbali). Hakuna cheche na taa inawaka? Nenda distribyuta kwanza.

Alafu isomeni gari, ina mdomo wake. Chini ya boneti tafuta kiboksi kimeandikwa DIAGNOSIS, gari yako ikiwa nacho unaunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi, taa ya cheki injini inaanza kukonyeza. Ikikonyeza harakaharaka bila kupumzika hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikikonyeza mara moja, ikapumzika, ikakonyeza mara mbili hiyo ni 12, maana yake kompyuta haioni mzunguko wa injini, na habari hiyo inatoka kwa distribyuta. 14 ni upande wa kuwasha cheche, 22 ni sensa ya joto la maji, 31 ni sensa ya kiasi cha hewa inayoingia. Angalia tu usije ukashika tundu la B+ ukaliunganisha na E1, utachoma fyuzi na lawama utanipa mimi.

Kuna kipimo kingine mafundi wengi wanakiruka na mimi nakipenda kuliko vyote. Kompyuta inazipa sensa volti 5. Chukua mita, pima kwenye soketi ya sensa ya throto (mlango wa hewa wa injini) swichi ikiwa imefunguliwa. Ukipata 5 au karibu na hapo, kompyuta angalau inapumua. Ukikosa, usishangilie bado, chomoa sensa moja moja huku unaangalia mita, sababu sensa moja ikipiga shoti inavuta hizo volti zote chini na kompyuta inaonekana maiti kumbe ni mzima. Volti zikirudi ulipochomoa sensa fulani, umempata mwizi wako.

Na erthi jamani, erthi, ile waya ya kurudisha umeme kwenye hasi ya betri. Sisi tunaishi na chumvi, upepo wa kusi unapuliza miezi na miezi, gari zinalala nje, halafu mtu anashangaa waya zimeota kijani. Waya za erthi za kompyuta nyingi zimefungwa kwenye injini kwa bolti moja tu. Pima kati ya hasi ya betri na ile waya ya erthi pale kwenye soketi ya kompyuta injini ikiwa inanguruma, mita ikionyesha zaidi ya volti 0.1 au 0.2 hapo pana kutu, fungua bolti, kwangua mpaka chuma king'ae, paka grisi, funga. Hii haina gharama.

Hayo yote yakiwa safi ndo tunarudi kwa kompyuta. Kwa Toyota nyingi iko nyuma ya droo ya dashibodi upande wa abiria, au katikati chini ya redio. Washa injini, chukua draya ya nywele (omba nyumbani kwa adabu) uipulizie kompyuta joto la wastani, usiikaange. Ikizima ukiwa unapuliza, na ukiiacha ipoe inawaka, basi fundi wako alisema kweli, mpe haki yake.

Hata hapo sio lazima ununue. Toa terminali ya hasi ya betri, chomoa kompyuta, ifungue. Zile za miaka ya 1990 zina kapasita za maji, mikebe midogo imesimama kwenye bodi, na zikizeeka zinavuja, ukiinusa ina harufu kama samaki aliyelala, na hayo maji yanakula njia za shaba za bodi. Mitsubishi za miaka hiyo zinajulikana sana kwa huu ugonjwa lakini Toyota nazo si malaika. Mpelekee fundi wa redio na TV anayejua kushika lehemu, mwambie aweke kapasita za kipimo kilekile, volti zilezile au juu zaidi, za kustahimili nyuzi 105, asafishe bodi kwa spiriti, na njia iliyoliwa airukishe kwa waya mwembamba. Kapasita bei yake ni ya chai ukilinganisha na kompyuta. Lakini akikuta bodi imeungua shimo, nunua.

Kununua sasa. Hapana, sio yoyote ya 110. Kwenye ubavu wa kompyuta kuna namba inaanza na 89661, halafu kistari, halafu tarakimu zingine, unataka ifanane yote, sio nusu. Yako ni oto, ukiletewa ya manyuo (gia za mkono) itaingia kwenye soketi vizuri tu halafu gia zikusumbue. Piga picha stika utume kabla hujatoa shilingi. Maduka mengi ya spea yana kibao kwamba vitu vya umeme havirudishwi, kwa hiyo ongea mapema ujaribu kabla ya kulipa zote, muuzaji akikataa tafuta mwingine.

Na ukishaiweka usiiue kwa yaleyale. Fundi akitaka kupima alteneta kwa kuchomoa terminali ya betri injini ikinguruma, mnyang'anye spana, ule umeme unaoruka pale unaweza kuua kompyuta kabisa. Ukipeleka bodi ya gari ichomelewe palipoliwa na kutu, betri itolewe na kompyuta ichomolewe kwanza. Na paipu ya maji ya AC ikiziba maji yanamwagika ndani upande wa abiria, yaani kulekule kompyuta inakokaa mara nyingi, kwa hiyo kapeti ikiwa mbichi usinyamaze.

SWALI: Mjomba, niko Mokowe, gari yangu ni ya ufunguo wa chipu. Nimebadilisha kompyuta, namba zimefanana hadi herufi ya mwisho, gari inawaka sekunde moja inazima. Nimeibiwa?
Kijana wa Mokowe

JIBU: Hujaibiwa mpwa wangu, umepewa kompyuta ya mtu mwingine na inamkumbuka mwenyewe. Hiyo inangoja ufunguo wa gari ilikotoka, wako haiutambui, ndo maana inakata. Ungenunua seti, yaani kompyuta, boksi ya imobilaiza (kile kinachozuia gari isiwake bila ufunguo wake) na ufunguo kutoka gari moja, kwa gari zingine imobilaiza iko ndani ya kompyuta yenyewe kwa hiyo ni vitu viwili tu. Sasa umeshanunua, mtafute fundi wa funguo mwenye mashine ya kusajili, gari zingine zinakubali upya na zingine lazima kompyuta ifunguliwe. Ile ya zamani usiitupe wala kuiuza, fundi anaweza kuihitaji atoe kumbukumbu za ufunguo wako aziweke kwenye hii mpya.