Nyasi Ngumu za Kinangop na Ndege Anayetaga Humo

SWALI: Mimi ni mfugaji wa Kinangop, Kaunti ya Nyandarua. Jirani yangu ananishauri nisiyang'oe mafungu yote ya nyasi ngumu malishoni kwa ajili ya ndege, ilhali ng'ombe hawayapendi. Nimepanda mikaratusi mpakani na ndege wanatua humo kila siku. Je, miti hiyo haitoshi?

JIBU: Inawatosha ndege wa miti, ndugu msomaji. Anayemhangaisha jirani yako bila shaka ni yule mwenye koo na kifua cha manjano na ukucha mrefu wa nyuma, ambaye wanasayansi humwita Macronyx sharpei. Ndege huyu hapatikani nje ya Kenya, huishi kwenye nyika za nyanda za juu pekee, na amewekwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Hatagi mtini hata siku moja. Hujenga kiota karibu na ardhi, ndani ya fungu la nyasi ngumu linaloficha mayai na makinda, lakini chakula chake, yaani wadudu, hukitafuta kwa miguu kwenye nyasi fupi zilizo kandokando. Kwa hiyo anahitaji vyote viwili mahali pamoja, na shamba lililosawazishwa likawa zulia la kijani humnyima kiota hata kama wadudu wamejaa tele.

Hapa mifugo yako si adui, maana ndiyo inayozifanya nyasi ziwe fupi. Zikirefuka kila mahali, ndege huyu huhama. Adui mkubwa ni jembe. Tangu mashamba ya walowezi yagawiwe wakulima katika miaka ya 1960, sehemu kubwa ya nyika hiyo imegeuzwa kuwa mashamba ya viazi na kabichi, na karibu yote iliyobaki ni mali ya watu binafsi kama wewe.

Mafungu hayo humfaa pia ndege mwingine, Euplectes jacksoni, ambaye dume lake jeusi hufyeka duara kuzunguka shungi la nyasi na kurukaruka humo ili kuwavutia majike. Ni tamasha la bure, kwa maoni yangu.

Jirani yako amesema kweli. Yaache mafungu katika sehemu usiyokusudia kulima, mbali na mikaratusi, na usiichome moto wala kuyang'oa wakati wa mvua au mara baada yake, kwa kuwa hapo ndipo viota huwa na makinda.