Muulize Fundi: Mbona tindo zangu zinakatika kama bilauri?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi niko Katwe hapa Kampala, tunatengeneza tindo na panga kwa springi za lori. Tindo nilizochoma alfajiri ziko sawa kabisa, lakini za saa nane mchana mteja anapiga nyundo mbili tatu inakatika, na springi ni ileile, oili ileile, mkono ni wangu. Bosi anasema nina mkosi. Halafu niliona video ya Mzungu anajenga bunduki ya kuwindia, ile ya kuvuta bolti kwa mkono, akimaliza kukereza chuma anakipeleka kwa wengine wakichome. Kwani yeye hana moto?

JIBU: Marahaba kijana. Mkosi huna, una jua. Wewe unapima moto kwa jicho sindiyo, unangoja chuma kiwe chekundu kama nyanya ndo unazamisha kwenye oili. Sasa chuma hichohicho gizani kinawaka, juani kinaonekana bado, basi unavuta mvukuto tena na tena kumbe kilishapita zamani, na kikipita hivyo chembe za ndani zinakua, ukikipoza ghafla kinakuwa kigumu lakini hakivumilii kipigo. Tazama pale ilipokatikia: ikimetameta kama sukari ulichoma mno, ikiwa laini kama jivu moto ulikuwa sawa.

Na hata wakubwa yamewakuta. Kiwanda cha Springfield kule Marekani kilikuwa kinatengeneza bunduki ya bolti, M1903, na mafundi wazoefu wakipima rangi kwa macho kama wewe tu. 1917 baadhi zikapasuka. Walipoleta vipima joto wakakuta siku za jua kali chuma kinachomwa kupita siku za mawingu kwa hadi kama nyuzi 165 za Selsiasi! 1918 wakabadilisha uchomaji, na mpaka leo wengi wanaozijua hawapigi risasi kwa Springfield yenye namba chini ya 800,000, yaani zile za kabla ya badiliko hilo. Ndo maana Mzungu wako anapeleka kwa wenye tanuri la kupima, kile chuma kinashika mlipuko sentimita chache toka usoni kwake. (Wewe bunduki iache kwenye video, hapa Uganda kuna sheria ya silaha ya 1970, bila leseni ni jela.)

Dawa yako ni rahisi. Hamisha jiko kivulini, penye giza hasa, kisha tafuta sumaku ya spika iliyokufa, ining'inize kwa waya. Chuma kikifika kama nyuzi 770 sumaku inakataa kukishika, ongeza moto kidogo tu juu ya hapo halafu ndani ya oili iliyopashwa vuguvugu, maji usithubutu kwa springi, itapasuka. Hapo kazi haijaisha na wengi Katwe ndo wanaishia hapo. Palipopozwa pang'arishe kwa msasa, pasha polepole kuanzia nyuma, utaona rangi inatembea, njano, kahawia, zambarau. Zambarau ikifika kwenye ncha ya tindo, acha.

Kichwa cha tindo lakini usikizamishe kwenye oili, kiache laini. Kikiwa kigumu nyundo inarusha vipande, mimi kimoja kilinikaa kwenye mkono wiki nzima na nashukuru haikuwa jicho.