Bramley anapokea chavua, hatoi: maswali yenu kuhusu matufaha

Nyuma ya nyumba hapa Leicester nina miti miwili ya matufaha, aina za Bramley na Cox. Bramley anazaa mno, Cox matunda ya kuhesabu. Nimetia mbolea, wapi!

Mbolea haina kosa, tatizo ni chavua: tufaha kwa kawaida huhitaji chavua ya aina nyingine ndipo lishike matunda. Cox, kama Granny Smith na Golden Delicious, ana kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi) 34 katika kila seli: seti mbili za 17, moja ya mama na moja ya baba. Ua linapotengeneza chavua, kila kromosomu hushikana na mwenzake, kisha huachana, 17 huku na 17 kule. Bramley ana 51, yaani seti tatu, na hapo ndipo ngoma inapoharibika. Pengine wawili hushikana na wa tatu akabaki mpweke. Pengine watatu hung'ang'aniana. Na wakati wa kuachana wengine hukwama katikati, wasifike upande wowote. Chavua hii inapata 22, ile 27. Nyingi huwa kapi tu, hazioti. Kwa hiyo Cox anamlisha Bramley bila kurudishiwa kitu. Ongeza mti wa tatu wenye 34 unaochanua pamoja nao. James Grieve angefaa.

Seti ya tatu ilitoka wapi?

Mara nyingi ni yai la mama lililopita bila kupunguza kromosomu zake. Jonagold, aliyezalishwa jimbo la New York, ana seti mbili za Golden Delicious na moja tu ya Jonathan.

Basi ndiyo inayofanya tunda liwe kubwa?

Kwa sehemu, ndiyo. Seli zenye seti tatu hunenepa, na Bramley, Jonagold na Mutsu wa Japani wote ni mapande ya matunda. Ladha ni habari nyingine: Bramley ni mkali, watu humpika, Jonagold ni mtamu. Wote wana 51.

Tufaha letu la Unguja je?

Jina tu. Lile jekundu la mviringo mrefu ni ndugu wa mkarafuu, si wa tufaha la Ulaya.

Nina mti mmoja tu wa tufaha shambani, aina ya Anna, Nyeri. Anachanua, hashiki matunda vizuri.

Anna ana 34, chavua yake ni nzima. Ila tufaha kwa kawaida hukataa chavua ya aina yake mwenyewe. Mpandie Dorsett Golden jirani, naye hahitaji baridi nyingi.