Jibu: Nianze na mchoro upi kuwasilisha mradi wa mwisho wa usanifu majengo?

Umeuliza uanze na mchoro upi mbele ya jopo la majaji, na kama ni lazima ueleze kila ubao wa michoro. Usieleze kila ubao, ndugu yangu. Muda utakuishia ungali kwenye historia ya kiwanja. Taja tatizo ulilotaka kulitatua kwa sentensi mbili, kisha nenda kwenye uamuzi mkuu: kwa nini jengo limekaa hivyo, watu wanaingilia wapi, mwanga na hewa vinapitaje. Hapo mchoro wa mkato (unaoonyesha jengo kana kwamba limekatwa wima) unakusaidia kuliko picha za kompyuta zinazong'aa, maana unaonyesha kimo cha vyumba, ngazi na nguzo kwa pamoja. Picha nzuri wataziona wenyewe.

Modeli ya jengo, hata ya 1:200 (ndogo mara 200 kuliko jengo lenyewe), iweke karibu na mkono ili uelekeze kwa kidole unapoongea. Chapisha mapema, bandika ukutani, usome ukiwa umesimama mita 2; maandishi yasiyosomeka hapo ni urembo tu. Ramani ziwe na skeli na mshale wa kaskazini (kuna majaji huanzia hapo hapo!). Wakati wa maswali mwombe mwenzako akuandikie yanayosemwa, wewe sikiliza. Swali usilolifanyia kazi, likiri, kisha eleza ungelishughulikiaje.