Wiki 12 kutoka kilomita 10 hadi 21 za Lewa

Dada, umeuliza kama wiki 12 zinakutosha kutoka kilomita 10 hadi 21 za Lewa, mbio za katika hifadhi ya wanyamapori ya Lewa huko Kenya, na kikundi chenu cha hisani. Zinatosha. Mbio ndefu ya Jumamosi iongeze kilomita moja moja, wiki ya 4 na ya 8 upunguze. Wiki ya 10 utakuwa kwenye 18, kisha pumzisha miguu wiki mbili.

Hatari ya kikundi ni kumfuata mwenye kasi. Ukishindwa kutamka sentensi nzima bila kuhema, rudi nyuma, tafadhali! Lewa iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, njia ni vumbi na vilima, kwa hiyo lami pekee haitakuandaa. Ukucha wa kidole gumba ukigonga kiatu kwenye mteremko, ongeza nusu saizi mapema.