Mbwa wako amebalehe na kamba imekaza tena? Punguza ugumu kwanza

Kuna wakati mbwa aliyekuwa akitembea vizuri ubavuni mwako anaanza kuvuta kamba kana kwamba hajawahi kufundishwa lolote. Ukimwita anageuza sikio tu, pua imebaki kulekule kwenye harufu. Mara nyingi hali hii huanza akiwa na miezi 6 hadi 8, na kwa mbwa wa mbegu kubwa inaweza kuendelea hadi anapokaribia miaka 2. Wapo wanaokata tamaa hapo na kumtoa mbwa wao kwa mtu mwingine. Mimi nimepita humo na Duma, dume kubwa mwenye kifua kipana, na ninajua kwamba bega kuuma ni jambo dogo. Kinachochosha hasa ni kuamini kwamba kazi yote uliyoifanya utotoni mwake imekwenda na maji.

Haijaenda. Mwaka 2020, watafiti wakiongozwa na Lucy Asher wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walichapisha utafiti juu ya mbwa waliokuwa wakilelewa ili waje kuongoza watu wasioona. Wakiwa na miezi 8, mbwa hao waliipuuza zaidi amri ya kuketi kutoka kwa mlezi wao kuliko walipokuwa na miezi 5. Mtu mgeni alipotoa amri hiyohiyo, ukaidi huo haukuonekana. Kufikia mwaka mmoja walezi walikuwa wanawaona wasikivu tena. Mimi taarifa hiyo ilinituliza sana, kwa sababu inaonyesha kuwa amri bado anaijua. Mwili unabadilika, dunia imekuwa na harufu na sauti zenye mvuto mpya, na wewe uliyemlea ndiye unayepuuzwa kwanza.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: katika miezi hiyo usimpime mbwa kwa alichoweza mwezi uliopita. Mpime kwa ugumu wa mahali alipo sasa hivi. Duma aliyeshindwa kupita mbele ya geti la jirani mwenye mbwa aliweza kutembea bila kuvuta uani, na akaweza tena kwenye njia tupu alfajiri. Hapo ndipo tulipofanyia kazi. Mahali palipomshinda tulipaacha kwa muda, kisha tukaparudia tukiwa upande wa pili wa barabara, mbali kiasi kwamba aliweza kumwona yule mbwa na bado akala kutoka mkononi mwangu. Kula ni kipimo kizuri kuliko vyote ninavyovijua. Mbwa mpenda chakula akikataa kitafunwa anachokipenda, tayari amezidiwa, na somo lolote unalompa wakati huo halimwingii. Ongeza umbali.

Sasa kuhusu kuvuta kwenyewe. Mwendo wa kawaida wa mbwa ni wa haraka kuliko wetu, na kitu anachokitaka karibu kila mara kiko mbele. Akivuta na wewe ukamfuata, amelipwa. Si lazima alipwe kila siku. Tabia inayolipwa mara mojamoja ndiyo inayong'ang'ania kuliko zote, maana mbwa hujifunza kwamba akiendelea kujaribu itakubali tu. Ndiyo maana nyumba ambayo mmoja anasimama kamba ikikaza na mwingine anaburutwa hadi dukani haifiki popote. Kaeni pamoja wote mnaomtembeza mkubaliane kabla ya yote.

Lakini nani anaweza kufundisha kila dakika ya kila matembezi? Kuna siku umechelewa, kuna siku mvua inanyesha, kuna siku huna subira hata kidogo. Kilichotuokoa ni kutenganisha matembezi ya aina mbili kwa vifaa. Hanesi ya Duma, ule mkanda unaozunguka kifua badala ya shingo, ina pete mbili: moja kifuani, moja mgongoni. Kamba fupi ya mita 2 hivi ikifungwa kwenye pete ya kifuani, sheria inafanya kazi: kamba ikikaza hatuendi. Kamba ndefu ikifungwa mgongoni, yuko huru kunusa, kwenda mbele, kurudi, kukaa kwenye kichaka kimoja mpaka aridhike. Baada ya muda alianza kutofautisha kwa mguso wa ndoano ya kamba tu. Mwanzoni somo la kamba fupi lilikuwa la dakika chache, pengine toka mlangoni hadi kona, halafu nahamisha ndoano mgongoni na matembezi yanaendelea kwa raha. Hakuna siku iliyolazimika kwisha kwa ugomvi. Angalizo moja: kamba ya mita 5 au 10 usiifunge kwenye mkanda wa shingoni. Mbwa akitimka na kufika mwisho wake, mshtuko wote unaishia kooni.

Kwenye kamba fupi watu wengi husubiri ikaze ndipo wasimame. Kusimama kunasaidia, ila kazi nzuri zaidi iko kabla ya hapo, nayo inahitaji macho. Mwangalie mbwa wako kabla hajavuta. Duma anafunga mdomo uliokuwa wazi, masikio yanakwenda mbele, shingo inarefuka na uzito wote unahamia miguu ya mbele. Ni kitambo kifupi mno, na kamba bado imelegea. Hapo ndipo nasema jina lake kwa sauti ya kawaida na kurudi hatua mbili nyuma. Akigeuka, kitafunwa kinamsubiri kwenye usawa wa goti langu, kwenye mshono wa suruali, kamwe si mbele yangu. Mahali unapompa chakula ndipo atakapopenda kuwa. Ukimnyooshea mkono mbele, unamfundisha kutangulia.

Ukichelewa na kamba imeshakaza, simama, shika kamba kwa mikono miwili karibu na tumbo ili usiyumbe, na usimvute. Ngoja. Akilegeza hata kwa kugeuza shingo tu, endelea kutembea mara hiyohiyo, maana kuendelea ndiyo zawadi yenyewe. Ujue pia kwamba ukianza utaratibu huu atavuta zaidi kwanza. Njia iliyokuwa inafanya kazi imekatika ghafla, naye anaijaribu kwa nguvu zake zote kabla ya kuiacha. Wengi huacha hapo wakidhani mbinu imeshindwa, kumbe ndiyo inaanza kushika.

Siku mbaya zitakuja, hata baada ya wiki nzuri. Ukizichunguza, mara nyingi utakuta mambo yamerundikana tangu mapema: asubuhi wageni, mchana kelele za ujenzi, usiku uliotangulia hakulala vizuri, kisha jioni paka akakatiza. Mbwa hatulii papo hapo baada ya msisimko kama huo. Siku inayofuata sisi hatukutafuta mtihani mwingine. Tulibaki nyumbani, nikamwaga chembe za chakula chake kwenye majani aziwinde kwa pua, nikampa kitu cha kutafuna, na nikahakikisha amelala vya kutosha. Kunusa kunamchosha mbwa vizuri, na kijana asiyelala ana hasira za mtoto asiyelala.

Umri huu huja pia na woga wa vitu alivyovizoea. Ndoo iliyokuwa pale siku zote inageuka kitisho. Hapo usimburute kuikaribia ili "azoee". Mwache aitazame kwa mbali, aizunguke, aondoke akitaka.

Watu watakushauri mnyororo wa kukaba au mkanda wa shingoni wenye meno ya chuma yanayochoma. Sikuutumia na sitautumia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa mbwa akivuta dhidi ya mkanda wa shingoni, shinikizo ndani ya macho yake hupanda, wakati kwa hanesi haikuwa hivyo. Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi: kijana anayeumizwa shingo kila anapomwona mbwa mwenzake anaweza kuamini kwamba maumivu yanaletwa na yule mbwa. Utakuwa umetibu kuvuta na kuzalisha ukali.

Na ikiwa badiliko limekuja ghafla, mbwa anachechemea, anagoma kutembea, au analalamika ukimvalisha hanesi, mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla ya kuongeza mazoezi. Mifupa ya mbwa wakubwa bado inakua katika umri huu. Muulize daktari huyohuyo kuhusu kuhasi na wakati wake, lakini usitegemee upasuaji umfundishe kutembea na kamba.

Duma sasa ni mbwa mzima. Sehemu nyingi anatembea kamba ikining'inia, na geti la jirani tunalipita bila kuvuka barabara. Akiona paka bado anakaza kamba, nami bado nasimama.